Kuweka cheti cha usalama kwenye seva ya Nginx, na kuhakikisha hakiishi muda ukiwa umelala

Cheti cha usalama (SSL/TLS) ndicho kinachoiwezesha tovuti kufunguka kwa https, na kukipata chenyewe ni kazi ya dakika mbili. Kinachokula muda ni mambo mawili yaliyo pembeni yake: kuiandaa seva ili mtoa cheti aweze kuifikia, na kuhakikisha cheti kinajihuisha bila wewe kukumbuka. Wengi wanaokwama hukwama kabla ya amri ya kwanza. Na tovuti nyingi zinazowafukuza wateja kwa onyo jekundu zilikuwa na cheti kizuri tu, mpaka siku muda wake ulipokwisha. Kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye maandalizi na kwenye kuhuisha, na amri ya kuomba cheti tutaipita haraka.

Nachukulia kwamba una VPS (seva ya kukodi) yenye Ubuntu 22.04 au 24.04, Nginx (programu inayotoa kurasa za tovuti) imeshawekwa, unaingia kwa SSH (njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali) na una ruhusa ya sudo, yaani ya msimamizi. Jina la mfano ni jinalako.co.tz, kila unapoliona, weka la kwako. Kama uko kwenye hostingi ya pamoja yenye cPanel, huhitaji haya yote: ingia SSL/TLS Status, bonyeza Run AutoSSL, subiri. Mtoa huduma akikwambia cheti cha bure hakipo na lazima ununue kwake, muulize sababu kabla hujatoa pesa.

Cha bure au cha kununua?

Tutatumia cheti cha bure cha Let's Encrypt. Mtoa cheti huyu anaendeshwa na ISRG, shirika lisilo la faida la Marekani, na alianza kutoa vyeti kwa umma mwishoni mwa 2015. Cheti chake kinasimba (kinaficha) mawasiliano sawasawa na cha kulipia. Tofauti iko kwenye uhakiki: Let's Encrypt wanathibitisha tu kwamba jina la kikoa liko mikononi mwako. Hawaulizi kama kampuni imesajiliwa BRELA, na hawajali unauza nini. Ndiyo maana tapeli naye anaweza kuwa na https safi kabisa. Cheti kinalinda mazungumzo, hakimdhamini anayezungumza.

Vyeti ghali vya uhakiki wa kina viliwahi kuwa na maana machoni mwa mteja, kwa sababu kivinjari kilionyesha jina la kampuni kwenye upau wa anwani. Chrome iliondoa hilo katika toleo la 77, Septemba 2019. Hata alama ya kufuli yenyewe imeondolewa kwenye upau huo tangu toleo la 117, mwaka 2023. Kama benki au mkataba wa zabuni unakudai cheti cha aina hiyo kwa maandishi, nunua. Vinginevyo unalipia kitu ambacho mteja wako hakioni.

Halafu kuna suala la muda. Aprili 2025 CA/Browser Forum, chombo kinachowakutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, kilipitisha ratiba ya kufupisha maisha ya vyeti. Kutoka ukomo wa siku 398, kinashuka hadi siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Fundi aliyezoea kununua cheti cha mwaka mzima na kukibandika kwa mkono kila Januari, mazoea hayo yanakufa. Anayeanza leo aanze na mfumo unaojiendesha.

Kwanza: jina lielekee kwenye seva sahihi

Andika amri hizi, zinazouliza rekodi za DNS (orodha inayogeuza majina kuwa IP), ukiwa kwenye seva au kwenye kompyuta yako:

```
dig +short A jinalako.co.tz
dig +short A www.jinalako.co.tz
dig +short AAAA jinalako.co.tz
dig +short CAA jinalako.co.tz
```

Amri mbili za mwanzo lazima zirudishe IP ya seva yako. Kama www haikurudisha kitu, iongeze kwenye rekodi zako au usiiombee cheti. Ukiiomba bila rekodi, ombi zima litakataliwa.

Amri ya tatu ndiyo inayowasumbua watu. Ukihamisha tovuti kutoka hostingi ya zamani, rekodi ya A, ile ya IPv4, hubadilishwa, lakini ya AAAA, ile ya IPv6, husahaulika. Wewe mtandao wako ni wa IPv4, kwa hiyo unaiona tovuti mpya na kuapa kwamba kila kitu kiko sawa. Let's Encrypt hutanguliza IPv6 pale inapoikuta, hivyo inakwenda kubisha hodi kwenye seva ya zamani na kupewa 404. Kama seva yako haitumii IPv6, ifute rekodi hiyo.

CAA isiporudisha kitu, vizuri. Ikirudisha jina la mtoa cheti mwingine, kuna mtu aliwahi kuamua kwamba kikoa hiki kitapewa vyeti na huyo peke yake. Ongeza letsencrypt.org kwenye orodha, ama sivyo utakataliwa hata mengine yote yakiwa sawa.

Kwa jina jipya la .co.tz au .co.ke, subiri kwanza msajili wako afikishe seva za majina kwenye rejista, tzNIC kwa Tanzania na KeNIC kwa Kenya. Jaribu kwa kuuliza nje ya mtandao wako:

```
dig @1.1.1.1 +short A jinalako.co.tz
dig @8.8.8.8 +short A jinalako.co.tz
```

Zote mbili zikirudisha IP yako, endelea.

Poti 80 ibaki wazi

Swali linalojirudia: nataka https, iliyo kwenye poti 443, kwa nini nifungue 80? Kwa sababu jaribio lenyewe linapita huko. Ukiomba cheti, Let's Encrypt inakupa neno refu la nasibu na kukutaka uliweke kwenye seva yako. Kisha inakuja yenyewe kulichukua kwenye anwani ya namna hii:

```
http://jinalako.co.tz/.well-known/acme-challenge/NENO
```

Ikilikuta, imejiridhisha kwamba anayeomba cheti ndiye anayeishika seva ya jina hilo. Ombi hilo la kwanza huja kwa http ya kawaida, poti 80. Na haliji kutoka sehemu moja: tangu 2020 Let's Encrypt hukagua kutoka maeneo kadhaa ya dunia kwa wakati mmoja, ili asiyekuwa mwenye jina asiweze kudanganya kwa kuuteka mtandao wa eneo moja. Hili lina matokeo kwa mifumo ya ndani ya nchi. Kama fayawoli yako inaruhusu wageni wa Tanzania au Kenya peke yao, tovuti itafunguka kwako bila tatizo huku ombi la cheti likigonga mwamba kila mara. Ruhusu njia ya /.well-known/acme-challenge/ kwa dunia nzima, au tumia uhakiki wa DNS nitakaougusia mbele.

Fungua poti:

```
sudo ufw status
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 'Nginx Full'
```

Usiruke mstari wa OpenSSH. Ukiiwasha ufw (fayawoli ya Ubuntu) kabla ya kuiruhusu SSH, utajifungia nje ya seva yako mwenyewe. Kumbuka pia kwamba fayawoli mara nyingi ni mbili: ya ndani ya Ubuntu, na nyingine kwenye dashibodi ya kampuni iliyokukodisha VPS. Zote zinatakiwa kuruhusu 80 na 443.

Ukipita, tazama saa kwa `timedatectl`. Mstari wa "System clock synchronized" uwe "yes".

Nginx ilijue jina lako

Certbot, programu tutakayotumia, hutafuta ndani ya mipangilio ya Nginx sehemu yenye jina unaloliombea cheti. Isipolikuta haitajua iandike wapi. Fungua `/etc/nginx/sites-available/jinalako.co.tz` uweke:

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name jinalako.co.tz www.jinalako.co.tz;
    root /var/www/jinalako;
    index index.html;
}
```

Kisha iunganishe, ikague, iwashe upya:

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/jinalako.co.tz /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
```

`nginx -t` ni rafiki yako. Usifanye reload kabla haijasema "test is successful". Sasa ifungue tovuti kwa simu iliyo kwenye bando, si kwenye Wi-Fi ya ofisini. Ikifunguka kwa http, uko tayari.

Tahadhari moja kabla ya kuomba. Kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye daftari za wazi mtandaoni ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Unaweza kutafuta jina lako kwenye crt.sh na kuona historia yake yote. Roboti za wadukuzi nazo zinazisoma, na huanza kulichokonoa jina jipya muda mfupi baada ya cheti kutoka. Kwa hiyo WordPress iliyoishia njiani, ile inayomsubiri mtu yeyote aje achague nywila ya msimamizi, usiiombee cheti kabla hujamaliza kuiweka. Na usidhani kikoa kidogo kama majaribio.jinalako.co.tz kitabaki siri yako.

Kuomba cheti

Ondoa Certbot ya zamani kama ipo, weka mpya:

```
sudo apt remove certbot
sudo snap install --classic certbot
sudo ln -s /snap/bin/certbot /usr/local/bin/certbot
```

Anza kwa mazoezi:

```
sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d jinalako.co.tz -d www.jinalako.co.tz
```

Mazoezi yanatumia seva ya majaribio ya Let's Encrypt. Umuhimu wake ni kwamba seva halisi ina mipaka: uhakiki ukifeli mara 5 ndani ya saa moja kwa jina lile lile, unasubiri; na huwezi kupata cheti cha majina yale yale zaidi ya mara 5 kwa wiki. Mtu anayebonyeza tena na tena kwa hasira hujikuta amefungiwa akiwa tayari amelitatua tatizo. Mazoezi yakipita:

```
sudo certbot --nginx -d jinalako.co.tz -d www.jinalako.co.tz
```

Utaulizwa barua pepe, utakubali masharti, basi. Wa Apache watumie `--apache` badala ya `--nginx`. Mengine ni yale yale.

Ikikataa, soma ujumbe

Certbot inaeleza vizuri kuliko programu nyingi, ila watu huona maandishi mengi na kukimbilia kuuliza kwenye kundi la WhatsApp. Huu ni ujumbe wa kawaida:

```
Domain: www.jinalako.co.tz
Type:   connection
Detail: 203.0.113.25: Fetching http://www.jinalako.co.tz/.well-known/
acme-challenge/...: Timeout during connect (likely firewall problem)
```

Anza na mstari wa Domain. Umelalamikiwa www peke yake, maana yake jina bila www limepita. Tatizo si seva nzima. Kisha tazama namba iliyo mwanzoni mwa Detail. Hiyo ndiyo IP ambayo Let's Encrypt ilikwenda. Ilinganishe na IP ya seva yako kabla ya kugusa kitu chochote. Kama hazifanani, achana na fayawoli, rudi kwenye rekodi za DNS: www imebaki kwenye hostingi ya zamani. Kama zinafanana, ndipo uende kwenye fayawoli, ukianza na ile ya dashibodi.

"NXDOMAIN" inamaanisha jina halipo kabisa kwenye DNS: umekosea herufi, au rekodi haijasambaa. "Invalid response" ikifuatiwa na 404 inamaanisha wamefika kwenye seva fulani lakini neno halikuwepo. Hapo shuku AAAA, au proksi iliyo mbele ya Nginx. Ukiona "Could not automatically find a matching server block", cheti kimepatikana ila server_name haifanani na ulichoomba. Rekebisha jina kwenye faili, kisha tumia `sudo certbot install --cert-name jinalako.co.tz`, huna haja ya kuomba kipya.

Kilichoandikwa kwenye seva

Faili zako ziko hapa:

```
/etc/letsencrypt/live/jinalako.co.tz/fullchain.pem
/etc/letsencrypt/live/jinalako.co.tz/privkey.pem
```

La kwanza ni cheti pamoja na mnyororo wake (nitaueleza chini), la pili ni ufunguo wa siri. Fungua faili la Nginx uone Certbot ilichoongeza. Sehemu ya 443 itakuwa na mistari ya namna hii:

```
listen 443 ssl;
ssl_certificate /etc/letsencrypt/live/jinalako.co.tz/fullchain.pem;
ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/jinalako.co.tz/privkey.pem;
include /etc/letsencrypt/options-ssl-nginx.conf;
```

Faili la include tayari linaruhusu TLS (itifaki inayosimba mawasiliano) ya 1.2 na 1.3 tu, ndivyo inavyotakiwa; 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi Machi 2021. Ukikuta mwongozo wa zamani unakutaka uwashe ssl_stapling, uache. Let's Encrypt walizima OCSP, huduma ya kuuliza kama cheti kimebatilishwa, ambayo mstari huo huitegemea, mwaka 2025, kwa hiyo mstari huo utakuletea maonyo kwenye logi bila faida.

Usinakili faili hizi kwenda folda nyingine. Nalisisitiza hili kwa sababu matokeo yake huja kwa kuchelewa na humchanganya hata fundi mzoefu. Vilivyo ndani ya live ni viungo tu, vinavyoelekeza kwenye toleo jipya kabisa lililo kwenye folda ya archive. Cheti kikihuishwa, viungo vinahamia kwenye faili jipya. Ukinakili fullchain.pem kwenda `/etc/nginx/ssl` kwa sababu panaonekana pasafi zaidi, Certbot itaendelea kuhuisha kimyakimya na kukuripotia mafanikio, huku Nginx ikiendelea kugawa nakala yako iliyozeeka. Siku ya 90 tovuti inaanguka, na `sudo certbot certificates` inakwambia cheti kina afya njema. Kama programu nyingine kwenye seva haiwezi kusoma folda hiyo, tumia ndoano ya kuhuisha (hati inayoendeshwa cheti kikihuishwa) nitakayoieleza chini iinakili kila mara.

Ufunguo wa siri usiutume kwa barua pepe wala WhatsApp, hata kwa mwenzako wa ofisini. Ukishavuja, batilisha cheti na uombe kipya:

```
sudo certbot revoke --cert-name jinalako.co.tz --reason keycompromise
```

Hakiki kwa jicho lisilo la kivinjari

Kuona https kwenye Chrome yako hakutoshi. Uliza hivi:

```
echo | openssl s_client -connect jinalako.co.tz:443 \
  -servername jinalako.co.tz 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -subject -issuer -dates
```

Subject iwe jina lako, issuer iwe Let's Encrypt ikifuatiwa na kifupi kama E7 au R12 (vifupi hivi hubadilika, usishtuke). notAfter ndiyo tarehe ya mwisho, imeandikwa kwa saa za GMT; kwa Afrika Mashariki ongeza saa 3. Kisha:

```
curl -I https://jinalako.co.tz
curl -I http://jinalako.co.tz
```

Ya kwanza ijibu bila malalamiko. Ya pili irudishe 301 inayoelekeza kwenye https.

Kama umenunua cheti: habari ya mnyororo

Waliopewa cheti na kampuni, au wanaotumwa na bosi kununua, wanaanza kwa kutengeneza ufunguo na ombi:

```
openssl req -new -newkey rsa:2048 -nodes \
  -keyout jinalako.key -out jinalako.csr
```

Faili la .csr unalituma; la .key linabaki kwenye seva. Utarudishiwa cheti chako na, kwa kawaida, faili la pili lenye cheti cha kati. Hapo ndipo watu wengi huliacha faili la pili ndani ya zip.

Ukienda benki kufungua akaunti, benki haimjui mjumbe wako wa nyumba kumi. Mjumbe anakutambulisha kwa mtendaji wa mtaa, na barua yenye mhuri wa mtendaji ndiyo benki inayoipokea. Kivinjari nacho kinavijua vyeti mzizi (root) tu. Cheti chako kimesainiwa na cheti cha kati, na cha kati kimesainiwa na mzizi. Seva isipotoa cheti cha kati, anayekuja hana namna ya kuunganisha.

Kinachopotosha ni kwamba Chrome ya kompyuta huweza kukitafuta cheti cha kati yenyewe, na Firefox huwa navyo tayari vingi. Kwa hiyo kwako tovuti inafunguka vizuri. Lakini curl haifanyi hivyo, programu nyingi za simu hazifanyi hivyo, na mifumo ya Java pia kwa kawaida haifanyi. Hili linawauma zaidi wenye malipo ya simu. Ukisajili anwani za kupokea taarifa za C2B (malipo ya mteja kwa biashara) kwenye Daraja, jukwaa la M-Pesa la Safaricom, kwenye mazingira halisi zinatakiwa ziwe za https, na kinachokuja kuzigonga ni programu ya seva. Mnyororo ukikatika, unaweza kukuta mteja amekatwa pesa, taarifa haijaingia, na wewe ukifungua anwani ile kwa kivinjari huoni kosa lolote.

Unganisha kwa mpangilio huu, chako kwanza:

```
cat jinalako.crt cha-kati.crt > jinalako-kamili.crt
```

Tazama faili linalotokea: kati ya "END CERTIFICATE" ya kwanza na "BEGIN CERTIFICATE" ya pili lazima kuwe na mstari mpya. Zikigandana kwenye mstari mmoja, Nginx itakataa kuwaka. Kisha hakikisha ufunguo na cheti ni vya pamoja:

```
openssl x509 -noout -pubkey -in jinalako.crt | sha256sum
openssl pkey -pubout -in jinalako.key | sha256sum
```

Matokeo yafanane herufi kwa herufi. Yasipofanana, kuna mtu alitengeneza .csr mara mbili na ufunguo wa kwanza umefutwa. Omba kampuni ikutolee upya kwa .csr ya sasa. Yakifanana, `chmod 600` kwenye ufunguo, elekeza Nginx kwenye faili zote mbili, na upime kwa curl.

Yanayotokea baada ya https kuwaka

Kivinjari kikisema sehemu ya ukurasa si salama, kuna picha au hati zinazoitwa kwa http. Kwenye WordPress badilisha ndani ya hifadhidata, ukianza na mazoezi:

```
wp search-replace 'http://jinalako.co.tz' 'https://jinalako.co.tz' \
  --skip-columns=guid --dry-run
```

Ukikuta ERR_TOO_MANY_REDIRECTS na unatumia Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva yako, nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya SSL/TLS. Mara nyingi iko kwenye Flexible. Maana yake Cloudflare inazungumza na seva yako kwa http, seva inaielekeza kwenye https, Cloudflare inarudi tena kwa http, na mteja anazungushwa hapo mpaka kivinjari kinachoka. Weka Full (strict), sasa una cheti halisi kinachoiruhusu.

HSTS, inayoviambia vivinjari visije tena kwa http, ni nzuri lakini isiwashwe siku ya kwanza. Anza na dakika 5:

```
add_header Strict-Transport-Security "max-age=300" always;
```

Wiki ikipita bila tatizo, panda hadi 31536000, yaani mwaka. Ukianza na mwaka halafu cheti kikaharibika, wageni wako hawatakuwa hata na kitufe cha kupuuza onyo.

Wanaohitaji cheti cha nyota, `*.jinalako.co.tz`, au wenye seva isiyofikika kutoka nje, watumie uhakiki wa DNS: badala ya neno kuwekwa kwenye seva, linawekwa kwenye rekodi ya TXT ya `_acme-challenge`. Chagua hili ikiwa tu mwenye DNS yako ana API ambayo Certbot inaweza kuitumia. Kuweka TXT kwa mkono kila baada ya miezi miwili ni kurudi kulekule tulikokuwa tunakimbia.

Kuhuisha

Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt kina maisha ya siku 90, na wametangaza mpango wa kushuka hadi siku 45 ifikapo 2028. Certbot ya snap huja na ratiba yake inayoamka mara mbili kwa siku, na cha siku 90 hukihuisha kikibakiza siku 30. Hakikisha ipo:

```
systemctl list-timers | grep certbot
sudo certbot renew --dry-run
```

Amri ya pili irudie kila unapobadilisha fayawoli, ukihamia nyuma ya Cloudflare, au ukigusa server_name. Mabadiliko hayo hayaharibu cheti kilichopo. Yanaharibu kijacho, na utakuja kujua baada ya wiki nyingi.

Kama umetumia `certonly`, au kuna huduma nyingine inayotumia cheti hicho hicho, mfano Postfix ya barua pepe, cheti kipya kitakaa kwenye diski bila kusomwa mpaka huduma iambiwe. Weka hati kwenye `/etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/washa-upya.sh`:

```
#!/bin/sh
systemctl reload nginx
systemctl reload postfix
```

Ipe ruhusa kwa `sudo chmod +x`. Itaendeshwa pale tu cheti kinapohuishwa kweli.

Zamani ungetegemea barua pepe ya Let's Encrypt ikukumbushe kwamba cheti kinakaribia kuisha. Walisitisha barua hizo tarehe 4 Juni 2025, hivyo ulinzi ni wako. Hati hii inatosha:

```
#!/bin/sh
J=jinalako.co.tz
echo | openssl s_client -connect $J:443 -servername $J 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -checkend 1209600 >/dev/null \
  || echo "Cheti cha $J kina chini ya siku 14, au seva haijibu"
```

Namba 1209600 ni siku 14 kwa sekunde. Badala ya echo ya mwisho unaweza kuweka amri ya kutuma ujumbe Telegram au popote unapoangalia kila siku. Iweke kwenye cron (ratiba ya kuendesha amri) ya mashine nyingine, si seva ile ile, maana seva ikizimika na mlinzi wake naye amezimika. Na iache isome kupitia mtandao kama ilivyo, usiielekeze kwenye faili la diski: hapo itakionyesha cheti anachokiona mteja, pamoja na kile cha nakala iliyozeeka ambacho Certbot haitakwambia.